Matundu kwenye kunde, maharage na mahindi: mtambue aliyetoboa kabla hujanunua dawa

Tundu kwenye punje ya kunde ni mlango wa kutokea. Aliyelichimba aliingia wiki kadhaa nyuma akiwa funza mdogo ambaye jicho halimwoni kwa urahisi, akala, akageuka pupa humo humo, kisha akatoka akiwa mdudu kamili mwenye mabawa. Kwa hiyo siku unapoona matundu ya kwanza, kizazi cha kwanza kimeshamaliza kazi yake na kinataga cha pili. Ndiyo maana mtu ananunua dawa, anaichanganya, na baada ya wiki tatu anarudi dukani akilalamika kwamba kauziwa feki. Wakati mwingine kweli ni feki. Mara nyingi zaidi dawa ilikuwa nzima, ila ilimwagwa juu ya punje wakati mdudu yuko ndani ya punje, na waliokufa ni pamoja na wale waliokuwa wakimla.

Hao wanaomla ndio walionifanya niandike. Kila gunia la kunde lililoingiliwa lina watu watatu ndani yake, kwa namna ya kusema: mmea uliotoa mbegu, fukusi anayekula mbegu, na adui wa fukusi. Tatizo lako halitatuliki vizuri mpaka ujue kila mmoja amefika wapi. Fuata dalili unayoiona. Si lazima usome kwa mpangilio.

Kwanza, chupa ya kioo

Chukua viganja viwili vya punje kutoka katikati ya gunia na chini yake, usichukue za juu peke yake. Pepeta utoe wadudu wote wanaotembea. Tia punje kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funika kwa kitambaa chepesi, kaza kwa mpira. Iweke kivulini ndani ya nyumba na uiangalie kila baada ya siku mbili tatu kwa muda wa mwezi mmoja na kitu. Watakaotokea humo ndio wenyeji halisi wa punje zako. Wengine wote uliowaona kwenye gunia huenda walikuwa wapita njia: sisimizi, mende, au wadudu waliofuata vumbi tu. Chupa hii haigharimu kitu, na inajibu maswali ambayo duka la pembejeo haliwezi kuyajibu.

Usiache gunia lisubiri mwezi mzima, lakini. Chupa ni ya kukufundisha. Gunia lihudumie leo kwa dalili zilizopo.

Dalili: vidoa vyeupe vilivyogandamana na ngozi ya kunde, choroko au mbaazi

Hii ndiyo dalili bora kuliko zote, kwa sababu inatangulia tundu kwa wiki kadhaa. Ni mayai ya fukusi wa jamii ya Callosobruchus. Kwenye kunde mara nyingi ni Callosobruchus maculatus; kwenye choroko na mbaazi utamkuta pia ndugu yake, Callosobruchus chinensis. Jike hubandika yai mojamoja juu ya punje kwa gundi kali kiasi kwamba ukilikwangua kwa kucha linatoka kwa shida.

Sogea dirishani, shika punje moja katikati ya vidole, igeuze taratibu kwenye mwanga. Yai lililotagwa karibuni ni angavu, linang'aa, unaweza kuona rangi ya punje chini yake. Funza akishaanguliwa hatoki nje hata mara moja: anachimba moja kwa moja kwenda chini, kupitia sakafu ya yai, na ule unga anaoutafuna anausukuma nyuma yake hadi ganda la yai linajaa. Hapo yai linageuka jeupe pe. Kwa maneno mengine, doa jeupe ni taarifa kwamba funza yumo ndani tayari. Doa angavu ni yai ambalo bado halijaanguliwa, au limekufa. Na ukiona yai lenye giza ndani yake, lisilo angavu wala jeupe, huenda limeingiliwa na nyigu mdogo mno wa jamii ya Uscana, ambaye hafiki hata milimita moja kwa urefu. Yeye hutaga yai lake ndani ya yai la fukusi. Anayezaliwa ni nyigu, na punje inabaki nzima. Huko Afrika Magharibi Uscana lariophaga amechunguzwa sana kwa sababu hiyo. Katika maadui wote wa fukusi, ni aina hii peke yake inayookoa punje yenyewe. Wengine wanakuja funza akiwa ameshaanza kula.

Vidoa hivi vinatoka wapi? Wengi wanadhani fukusi amezaliwa ghalani. La. Fukusi wa kunde huanzia shambani. Kuna wa aina mbili ndani ya spishi hiyo hiyo moja: mmoja ni wa nyumbani, anataga mayai mengi, karibu haruki, mwingine huzaliwa zaidi pale punje zinapojaa wadudu na joto likapanda, naye ni mrukaji. Huyo mrukaji ndiye anayetoka kwenye gunia lako la mwaka jana, anaenda shambani kunde zikianza kukauka, anataga juu ya maganda, funza anatoboa ganda na kuingia kwenye punje. Unavuna naye. Kadiri kunde kavu zinavyokaa shambani, ndivyo mayai yanavyoongezeka.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 100, na kwenye joto la nyuzi 30 hivi kizazi kimoja huchukua takriban wiki nne. Fanya hesabu ya pole: tuseme katika mayai hayo wanapona majike 20 tu. Kizazi cha pili ni majike 400, cha tatu ni 8,000. Miezi mitatu, na ulianza na jike mmoja. Ndiyo maana gunia linaonekana salama mwezi wa kwanza na wa pili, halafu linaharibika kwa ghafla.

Cha kufanya hutegemea umefika hatua gani. Mayai yakiwa bado angavu kwa wingi, mafuta ya kupikia yanatosha: kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5 hivi, kwa kilo moja ya kunde, yakichanganywa hadi kila punje ing'ae. Mafuta huziba hewa ya yai. Hayamfikii funza aliyeingia, na kwa mbegu ya kupanda ni heri uyaepuke, kwani yakikaa muda mrefu yanaweza kupunguza uotaji.

Mayai yakiwa meupe, unahitaji kitu kinachopenya ndani ya punje, na kitu hicho ni joto. Tandika majani makavu, juu yake plastiki nyeusi, mwaga kunde tabaka jembamba, kisha funika kwa plastiki angavu, kunja kingo na uzibane kwa mawe kuzunguka pande zote. Nyuzi 57 kwa saa moja huua fukusi wa kunde katika hatua zote, kuanzia yai hadi mdudu kamili, na siku ya jua kali mpango huu hulifikia joto hilo. Acha saa kadhaa za mchana kuwa na uhakika. Zipoe kabisa ndipo uzifunge. Kunde za moto kwenye gunia hutoa jasho na kuvunda. Kuzianika juu ya jamvi bila kuzifunika hakufiki joto hilo. Kunawafukuza wadudu wakubwa tu.

Na mmea wenyewe una mchango wake. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, IITA, ya Ibadan, Nigeria, iliwahi kugundua kunde iliyopewa namba TVu 2027 ambayo fukusi akitaga juu yake, funza wengi wanakufa ndani na waliobaki wanachelewa sana kukua. Kuchelewa huko ni muhimu kuliko kunavyosikika. Funza anayekaa siku nyingi zaidi ndani ya punje anampa nyigu siku nyingi zaidi za kumpata. Ukiona jirani ana kunde zisizoshambuliwa haraka kama zako na mnatunza kwa namna ile ile, omba mbegu.

Dalili: maharage yana vidirisha vya duara, lakini hakuna vidoa

Kidirisha ni kile kiduara chenye kivuli kwenye ngozi ya harage, kama milimita mbili upana. Funza amekula hadi chini ya ngozi, akaacha ngozi nyembamba iwe mlango, akageuka pupa. Akikomaa anausukuma mlango na kutoka. Ukibonyeza kidirisha kwa sindano utamkuta humo.

Kwa nini hakuna vidoa vya mayai? Kwa sababu huyu ni Acanthoscelides obtectus, fukusi wa maharage wa nyanda zenye ubaridi: Mbeya, Kagera, Kilimanjaro, na nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi. Yeye habandiki mayai. Anayaacha huru katikati ya maharage, au anayaingiza kwenye nyufa za maganda yakiwa shambani. Funza akianguliwa anatembea kutafuta punje, na ili atoboe ngozi ngumu ya harage lazima ajiegemeze kwenye punje ya jirani apate nguvu ya kusukuma.

Hapo ndipo pana tiba nyepesi ambayo watu hawaithamini. Ukilibingirisha debe au gunia mara kwa mara kila siku, kila funza aliyeanza kutoboa anapoteza mahali alipoegemea, anaanza upya, na mwishowe anakufa akiwa nje. Haiwaui waliokwisha kuingia, kwa hiyo inafaa zaidi ukianza mara tu baada ya kuvuna, na kwa kiasi kidogo cha nyumbani. Kwa magunia kumi huwezi.

Ukiona vidirisha na vidoa vyeupe pamoja kwenye maharage, huyo ni mwingine: Zabrotes subfasciatus, mdogo zaidi, wa maeneo ya joto, jike wake ana madoa meupe mgongoni. Anabandika mayai, na kawaida anaanzia ghalani. Kubingirisha gunia hakumsumbui sana kwa sababu yai lake limegandishwa na funza anatoboa akiwa ameshikiliwa na ganda la yai. Kutofautisha hawa wawili ndiko kunakoamua kama jasho lako la kubingirisha debe litalipa.

Wote wawili walikuja na maharage kutoka Amerika, ambako maharage yenyewe yana asili. Na ni huko huko, kwenye maharage mwitu ya Mexico, ambako ilipatikana protini iitwayo aselini, iliyomo kwenye punje na inayomshinda Zabrotes kuisaga tumboni. Watafiti waliithibitisha katika miaka ya 1980 na ikaanza kuingizwa kwenye maharage ya kulima. Dhidi ya Acanthoscelides nguvu yake ni ndogo zaidi. Hiyo ni sababu nyingine ya kumjua mdudu wako kwa jina kabla hujamwamini muuza mbegu anayesema “hii haitobolewi”.

Dalili: kwenye kunde kuna vidudu vyembamba vyeusi, vyenye kiuno na mabawa angavu

Usiwaue. Hao ni nyigu wadogo, na hawaumi mtu.

Kuwatambua si kazi. Fukusi wa jamii ya mikunde ni mnene, umbo la yai, mabawa yake magumu hayafiki mwisho wa tumbo, na ukimgusa anajikunyata akajifanya amekufa. Nyigu ni mwembamba, urefu wa milimita mbili au tatu, hajifanyi amekufa. Anakimbia kuelekea mwanga. Pembe zake, yaani vipapasio vya kichwani, hazitulii. Mtazame juu ya punje kwenye ile chupa: anagongagonga ngozi kwa pembe, anasogea hatua, anagonga tena, ghafla anasimama, anainua tumbo na kushusha sindano yake kupitia ngozi ya punje hadi kwa funza asiyemwona. Anamchoma, funza anapooza, kisha nyigu anataga yai pembeni yake. Anayeanguliwa anamla funza taratibu na kutoka kama nyigu.

Huyo mara nyingi ni Dinarmus basalis au Anisopteromalus calandrae. Wa pili hashindwi pia na fukusi wa mahindi. Tundu la nyigu huwa dogo kuliko la fukusi na kingo zake hazijakatwa vizuri. Kwa hiyo hesabu matundu kwa aina: makubwa ya duara safi yanakuambia fukusi wangapi wametoka hai, madogo yanakuambia fukusi wangapi wameuawa wakiwa ndani.

Sasa swali la kila mtu: je, niwaachie kazi? Nitasema wazi ninavyoamini. Kwa gunia unalotaka kula au kuuza miezi minne ijayo, hapana. Nyigu huongezeka baada ya fukusi kuongezeka, huwa nyuma yake daima, na punje ambayo nyigu amemuua funza wake imeshaliwa nusu. Mnunuzi sokoni haulizi tundu ni la nani. Lakini kwa msimu ujao, na kwa kijiji kizima, ndiyo, tena sana. Nyigu hawa hufika ghalani pamoja na mavuno, na wakiuawa wote kila mwaka, fukusi anayerudi shambani anarudi bila anayemfuata.

Kwa hiyo ukipata punje zenye nyigu wengi na fukusi wachache, ambazo unakusudia kuzitupa au kuwapa kuku, zitie kwenye chombo kilichofunikwa kwa wavu wenye matundu yanayompitisha nyigu na kumzuia fukusi, ukiweke nje karibu na shamba. Nyigu wataondoka. Fukusi watabaki humo. Wavu usiwe na tundu kubwa, la sivyo utakuwa umefuga tatizo.

Dalili: nilitia dawa, wakapungua, halafu wamerudi wengi kuliko mwanzo

Vumbi la dawa huua kinachotembea juu ya punje. Fukusi wakubwa wanakufa, nyigu wanakufa pia, tena upesi, kwa sababu wao hutumia maisha yao yote wakitembea juu ya punje wakitafuta. Funza na pupa waliomo ndani hawaguswi. Baada ya wiki mbili tatu wanatoka. Dawa ikiwa bado na nguvu, wanakufa wakitoka. Ikiwa imechoka, au punje zilikuwa na unyevu, au kipimo kilikuwa pungufu, wanatoka salama na hawamkuti nyigu hata mmoja.

Kagua mambo haya kwa utaratibu huu: tarehe ya mwisho kwenye lebo, ukavu wa punje, uchanganyaji. Ukavu upime kwa chumvi. Kaanga au anika chumvi ikauke kabisa, itie kwenye chupa kavu pamoja na punje, funga, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana kando ya chupa, punje zina maji mengi, na hakuna dawa itakayodumu humo. Kwenye uchanganyaji, watu wengi humwaga pakiti juu ya gunia na kulitikisa. Dawa inabaki juu. Mwaga punje zote kwenye turubai, nyunyiza, geuza kwa koleo hadi zote zipate, ndipo ujaze.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita. Vile vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini vinauzwa kiholela, na watu wanavitia kwenye magunia yaliyomo chumba wanacholala. Gesi hiyo inaua watu. Watoto hutangulia. Kama hakuna chumba cha peke yake kinachofungwa kabisa na mtu aliyefunzwa kuisimamia, vidonge hivyo visiingie nyumbani kwako hata kama fukusi wamemaliza gunia zima.

Dalili: mahindi yanatoa unga mwingi, hata kabla hujayagusa

Angalia mdudu. Akiwa na mdomo mrefu uliochongoka mbele, na mabaka manne mekundu yaliyofifia mgongoni, ni fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais. Unga wake ni wa kiasi. Jike hutoboa punje, anataga, anaziba kwa ute. Hivyo yai halionekani kabisa, tofauti na la kunde.

Unga ukiwa mwingi kupita kiasi, mpaka unajaa chini ya kihenge, mtafute mwenye mwili wa bomba, urefu wa milimita tatu au nne, kichwa kimeinamia chini ya kifua hivi kwamba ukimtazama kwa juu hukioni, na nyuma pamekatika wima. Huyo ni dumuzi, Prostephanus truncatus, ambaye wengine humwita Scania. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Barani Afrika alitambuliwa kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Togo mwaka 1984, na sasa ameenea. Anakula mahindi na makopa ya muhogo, na anaishi pia kwenye miti porini, ndiyo maana huwezi kummaliza kwa kusafisha ghala pekee.

Alipokuja alimwacha adui yake nyumbani. Adui huyo ni mdudu mdogo mweusi, Teretrius nigrescens, ambaye hunusa harufu ambayo dume la dumuzi hutoa kuwaita wenzake, akaifuata hadi kwenye mashimo na kula mayai na funza. Aliletwa na kuachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, na baadaye nchi nyingine, Tanzania ikiwemo. Amesaidia kupunguza dumuzi wanaoruka porini katika sehemu kadhaa, hasa zenye unyevu. Sehemu nyingine matokeo yamekuwa hafifu, na dumuzi huja kwa wingi mwaka mmoja na kupotea mwaka mwingine. Ukimkuta kwenye kihenge chako, mwache, lakini usimtegemee aokoe mahindi ya mwaka huu. Dumuzi mmoja akishaanza anakwenda haraka mno.

Hatua ya kwanza dhidi ya dumuzi ni kupukuchua. Kwenye gunzi punje zimeshikana na yeye anapata pa kujikita. Punje zilizopukuchuliwa zinateleza na kumyumbisha. Ukitumia dawa ya vumbi, hakikisha ina viambato viwili, kama pirimifosi-methili na pamethrini. Cha kwanza kinamuweza fukusi, cha pili dumuzi. Dawa yenye kimoja tu itaua mmoja na kumwachia mwenzake gunia zima, nawe utadhani imegoma.

Vipepeo vidogo vya rangi ya majani makavu vinavyoruka ukifungua gunia, na tundu moja la duara lenye kifuniko kwenye punje, ni nondo wa nafaka, Sitotroga cerealella. Huanzia shambani. Kwenye gunia lililojaa hushambulia juu tu, kwa sababu hawezi kupenya katikati ya punje.

Dalili mbili ndogo

Vidudu vya kahawia-wekundu vinavyokimbia kwenye unga na punje zilizovunjika havikutoboa chochote. Wamefuata makombo ya aliyetangulia. Pepeta, toa vumbi, halafu mtafute huyo wa kwanza.

Ukiwashwa ngozi na kutoka vipele shingoni, tumboni au mikononi baada ya kubeba magunia ya zamani yenye fukusi au nondo wengi, huenda ni utitiri wa jamii ya Pyemotes. Ni adui wa funza hao hao, huwanyonya wakiwa ndani ya punje na huwauma watu pia. Oga kwa sabuni, fua nguo, anika punje juani. Ni rafiki wa ghala asiyefaa kukaa naye.

Dalili: punje zimekunjamana, nyepesi, hazina tundu

Hiyo ni kazi ya shambani, na ghala halihusiki. Kwenye kunde na mbaazi mara nyingi ni kunguni wa maganda, Clavigralla, wanaonyonya punje changa kupitia ganda. Ukikagua shamba utakuta mayai yao yamepangwa kwa makundi. Mengine yatatoa nyigu badala ya kunguni, kwa hiyo usinyunyize kabla hujaangalia. Pita asubuhi kabla jua halijapanda, wakiwa bado wazito, uwakung'ute kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Dalili: mbegu za mgunga nilizookota hazioti

Hili ni la wenye vitalu vya miche. Mbegu za migunga zina fukusi wao, ndugu wa wale wa kunde, na mbegu iliyookotwa chini ya mti ikiwa imekaa huko muda mrefu mara nyingi ina tundu au ina funza ndani. Mwaka 1974 Lamprey, Halevy na Makacha walieleza uhusiano huu kwa mgunga Acacia tortilis: maganda yanayoliwa mapema na wanyama wakubwa hutoa mbegu zenye fukusi wachache, maana joto na majimaji ya tumbo humuua funza akiwa bado mchanga, wakati mbegu yenyewe ina ngozi ngumu na hupita salama. Swala na mbuzi ni maadui wa fukusi bila kukusudia.

Kwa kitalu, vuna maganda mtini yakishakomaa, usisubiri yaanguke. Zitoe mbegu siku hizo hizo, tupa zenye tundu, tumbukiza zilizobaki kwenye maji na uondoe zinazoelea. Kama una zizi la mbuzi waliolishwa maganda hayo, okota mbegu kwenye samadi. Zimeshapita chujio na nyingi huota haraka zaidi.

Dalili: nilitumia mfuko usiopitisha hewa, bado nikakuta fukusi

Mifuko ya PICS, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na watafiti wa Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, ina tabaka mbili za plastiki nzito ndani na mfuko wa kawaida nje. Haina dawa. Fukusi waliomo wanavuta oksijeni hadi inapungua, wanaacha kula, wanakufa. Ndani yake wanakufa na nyigu pia, na hilo ni gharama ya kukubali kwa chakula cha familia.

Ukikuta fukusi hai, sababu ni moja kati ya tatu. Mfuko ulifunguliwa kabla ya wakati, hewa ikaingia. Kila plastiki haikusokotwa na kufungwa peke yake. Au kuna tobo. Lijaze gunia hadi juu, toa hewa kwa kukandamiza, sokota plastiki ya kwanza na uifunge kwa kamba, kisha ya pili, kisha mfuko wa nje. Usiufungue kwa miezi miwili ya mwanzo. Fukusi waliokufa utakaowakuta juu ya kunde siku ya kufungua ni wale ulioingia nao kutoka shambani. Pepeta, osha, pika.